Ukienda Bungeni Kudai Njia Mpya ya Kujenga: Mambo ya Kufanya na ya Kutofanya

Kazi nyingi za umma nchini Kenya hujengwa kwa mpangilio mmoja. Mhandisi au msanifu majengo anachora, michoro inakamilika, zabuni inatangazwa, mwenye bei ya chini anachukua kazi, na ugomvi unaanzia hapo. Mkandarasi anasema michoro ina kasoro. Aliyechora anasema mkandarasi hajui kuisoma. Serikali iliyo katikati inalipa nyongeza, na mradi wa miaka miwili unakula mitano. Wanaotaka mpangilio huu ubadilike wana hoja nzito. Wanataka sheria itambue waziwazi mkataba mmoja wa kusanifu na kujenga, au ule wa kumwita mkandarasi mapema, michoro ingali mezani, naye akaahidi bei ya juu kabisa ambayo hatakubaliwa kuivuka.

Hoja nzito hufa Bungeni mikononi mwa watu waliotumwa kuipeleka. Maagizo haya ni kwao: makatibu wa vyama vya wakandarasi, wahandisi na wakadiriaji wa gharama za ujenzi, pamoja na mawakili wanaowaandikia memoranda. Anayetaka kubembelezwa aishie hapa.

Soma sheria iliyopo kabla ya kudai nyingine

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 haisemi kwamba bei ya chini pekee ndiyo hushinda. Kifungu cha 86 kinataja bei ya chini iliyotathminiwa, lakini kinataja pia pendekezo lililopata alama nyingi baada ya ubora wa kitaalamu na bei kujumlishwa. Tatizo liko mbele kidogo. Alama hizo za kujumlisha zimefungamanishwa na mwaliko wa mapendekezo, na kifungu cha 116 kinauelekeza mwaliko huo kwa huduma za ushauri, zile ambazo sehemu yake kubwa ni kazi ya akili. Daraja si ushauri. Hapo ndipo pengo lilipo, nalo linazibwa kwa sentensi mbili au tatu. Halihitaji sheria mpya yenye kurasa themanini.

Mjumbe anayeingia kwenye chumba cha kamati akitangaza kwamba sheria yetu imepitwa na wakati atajibiwa na wakili wa Bunge aliyeketi kando ya mwenyekiti, ambaye vifungu hivyo amevisoma vyote na kifungu cha 99 kuhusu zabuni ya hatua mbili anakijua vizuri zaidi yako. Njoo na kifungu, maneno ya kuongezwa na sababu. Na ukigundua kwamba unachotaka kinaweza kupatikana kwa kanuni za Waziri wa Fedha, au kwa kurekebisha nyaraka sanifu za zabuni, usiende Bungeni kabisa. Sheria ikishafunguliwa kwa marekebisho, kila mwenye lake huingiza mkono. Unaweza kutoka humo na sheria mbaya kuliko uliyoingia nayo.

Usichanganye namna ya kujenga na namna ya kulipa

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na hufanywa na watu wenye shahada mbili. Mkataba mmoja wa kusanifu na kujenga unahusu nani anabeba lawama michoro ikiwa na kasoro. Mkandarasi anayekuja na mkopo wake mfukoni ni jambo la pili. Ubia ambapo kampuni inajenga, inatoza ushuru wa barabara kwa miaka kadhaa kisha inairudisha kwa serikali ni jambo la tatu, lenye sheria yake yenyewe ya 2021. Wabunge wameuziwa mambo haya matatu katika furushi moja kwa muda mrefu, na baadhi ya wauzaji walipenda yasitenganishwe.

Yatenganishe wewe, katika dakika tano za kwanza. Usipofanya hivyo, mheshimiwa mmoja atakuuliza kuhusu lango la ushuru pale Mlolongo, nawe utajikuta unatetea barabara ya juu ya Nairobi, kilomita 27 zilizofunguliwa 2022, ilhali ulikuja kuzungumzia wodi za hospitali.

Usitamke kamwe kwamba njia yako "haitaigharimu serikali chochote". Kila kilomita inalipwa na mtu, awe mlipa kodi au mwenye gari. Muongo uliopita serikali ilitangaza mpango wa kilomita 10,000 za barabara ambazo wakandarasi wangekopa, wangejenga na kuzitunza, halafu wangelipwa kidogo kidogo kwa miaka. Sehemu ndogo tu ndiyo iliyojengwa kwa njia hiyo. Wanaoukumbuka mpango huo wapo bado Bungeni, na baadhi yao waliwaahidi wapiga kura lami ambayo haikufika.

Usiahidi pia kwamba njia mpya itamaliza malimbikizo ya madeni ya wakandarasi. Sheria iliyopo tayari inamkataza afisa mhasibu kuanzisha ununuzi kabla ya kuridhika kwamba fedha zimetengwa. Agizo hilo limo ndani ya kifungu cha 53, na madeni yapo vilevile. Namna ya kupanga mkataba haitibu mkono unaoandika hundi isiyo na pesa.

Usilikimbie jina la SGR

Litatajwa, kwa hiyo litaje wewe kwanza. Reli hiyo ya kisasa, ya Mombasa hadi Nairobi, takriban kilomita 470, ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Ilijengwa na China Road and Bridge Corporation kwa mkataba wa aina ileile unayoisifu: mkandarasi mmoja, usanifu na ujenzi pamoja. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyofanya upembuzi yakinifu, bila malipo, kabla ya kupewa kazi. Juni 2020 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Shirika la Reli lilikwenda kinyume na Kifungu cha 227 cha Katiba, kinachotaka ununuzi uwe wa haki, wa wazi, wa ushindani na wenye gharama nafuu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, kwa hoja kwamba kazi ilitokana na makubaliano baina ya serikali mbili. Katikati ya hapo wananchi walilazimika kwenda mahakamani Mombasa ili wapate tu kuiona mikataba.

Mjumbe mwoga husema, "Hayo ni mambo ya siasa." Mjumbe anayejua kazi yake huzungumza kama ifuatavyo. Hakuna aliyekwenda mahakamani kulalamika kwamba mkandarasi mmoja alisanifu na kujenga. Malalamiko yalikuwa kwamba hakushindanishwa na mtu, na kwamba aliyepima kama kazi inahitajika ndiye aliyefaidika jibu lilipokuja kuwa ndiyo. Kisha anatoa karatasi yenye kifungu anachopendekeza: aliyefanya upembuzi yakinifu, pamoja na kampuni tanzu zake, asiruhusiwe kuzabuni kazi hiyo.

Atakayekuwa na ujasiri zaidi aguse pia kifungu cha 4, kinachoiondoa mikataba baina ya serikali kwenye sheria ya ununuzi. Wakandarasi wa humu nchini ndio wanaopoteza zaidi kupitia mlango huo, na bado vyama vyao huufumbia macho kwa sababu baadhi ya wanachama hupata vikazi vya chini yake. Chagueni. Hamwezi kudai ushindani asubuhi na kunyamazia mlango wa nyuma jioni.

Mabwawa ya Arror na Kimwarer nayo yatatajwa kwa pumzi hiyohiyo. Kesi ya jinai kuhusu mikataba yake, iliyofunguliwa 2019, iliisha Desemba 2023 kwa washtakiwa kuachiliwa. Usiingie katika nani alikuwa na hatia, maana mahakama ilishasema. Sema tu kwamba hadi kesi inaisha hakukuwa na bwawa hata moja, na kwamba mkataba wa malipo ya awali usio na mhandisi huru hauna mtu wa kusema "simama".

Jifunge kabla ya kuomba kufunguliwa

Mtu akienda kukopa dukani huanza kwa kutaja siku atakayolipa, wala hangoji kuulizwa. Mapendekezo mengi yanayofika kwenye kamati huomba uhuru kurasa kumi na mbili za kwanza, halafu masharti ya uwajibikaji yanakuja mwishoni katika aya moja inayosema "yatawekwa na Waziri kwa kanuni". Pindua mpangilio huo. Kamati isome pingu kwanza.

Pingu zenyewe zinajulikana, na ni hizi. Vigezo vya ubora na uzito wa kila kimoja viandikwe ndani ya hati ya zabuni kabla bahasha yoyote haijafunguliwa, na alama alizopata kila mshindani zitangazwe baada ya uamuzi. Washindani wachujwe kwanza kwa uwezo wao na rekodi yao, kisha wachache tu ndio waombwe michoro na bei. Sheria ya serikali ya shirikisho ya Marekani ya 1996 kuhusu uteuzi wa hatua mbili iliweka kikomo cha kawaida kuwa watano, na sababu yake ni ya kibinadamu kabisa: hakuna kampuni makini itakayotumia mamilioni kuchora daraja ikijua inashindana na wengine ishirini. Walioshindwa katika hatua ya pili walipwe sehemu ya gharama ya michoro yao, na serikali ipate haki ya kuitumia. Jambo hili huwashtua wabunge wengi. Jiandae kulieleza kwa hesabu, maana sauti kubwa haitasaidia.

Pingu ngumu zaidi ni ya mhandisi. Katika mpangilio wa zamani mchoraji alimsimamia mjenzi. Katika mkataba mmoja mchoraji ni mwajiriwa wa mjenzi, au mshirika wake, na lile jicho la tatu limetoweka. Usijifanye hulioni jambo hilo. Pendekeza mhandisi huru anayelipwa na mwenye mradi, mwenye mamlaka ya kisheria ya kusimamisha kazi, ambaye jina lake la usajili litakuwa kwenye kila cheti cha malipo. Pendekeza muda mrefu wa dhamana dhidi ya kasoro zilizofichika, kwa sababu ufa wa msingi hauonekani katika mwaka wa kwanza. Pendekeza bima ya makosa ya kitaalamu.

Na mkataba wote uchapishwe pamoja na bei yake. Siri za kibiashara zitajwe moja moja na sababu zake. Mkandarasi anayesema hawezi kufanya kazi mkataba wake ukisomwa na umma hafai kuwa mwanachama wa chama chenu, sembuse kuwa mwenyekiti wa kamati yenu ya sera.

Mambo haya yote yawe ndani ya sheria yenyewe. Kanuni hubadilishwa na Waziri mmoja na wasaidizi wake.

Mfano wa ng'ambo ueleze pamoja na doa lake

Daraja la barabara kuu ya I-35W mjini Minneapolis liliporomoka tarehe 1 Agosti 2007, watu 13 wakafa. Jipya lilifunguliwa tarehe 18 Septemba 2008, zaidi ya miezi mitatu kabla ya siku ya mkataba, kwa njia ya kusanifu na kujenga kwa pamoja. Watetezi wengi wa njia hii hulisimulia hadi hapo, wakapiga makofi.

Endelea. Kampuni zilizoshinda, Flatiron na Manson, ndizo zilizotaja bei kubwa kuliko washindani wote, karibu dola milioni 234, na hakuna mshindani aliyeomba siku nyingi kuliko zake, 437. Zilishinda kwa sababu fomula ya jimbo ilichukua bei, ikaongeza thamani ya kila siku ya ujenzi, halafu ikagawanya jumla kwa alama za ubora, na katika ubora ziliwaacha wengine mbali. Walipa kodi wakashtaki. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota, ambayo 2010 iliamua kwamba idara ya uchukuzi ilifuata sheria.

Kwa nini useme yote hayo? Kwa sababu mbunge aliyejiandaa atauliza, "Kwa hiyo mwenye bei kubwa kuliko wote ndiye aliyepewa?" Ukiwa umeficha, umekwisha. Ukiwa umesema mwenyewe, unaweza kumwonyesha nguvu ya uamuzi wa idara ile: fomula ilikuwa imetangazwa kabla, na kila mtu aliweza kuikokotoa upya kwa kalamu. Mwonyeshe jambo la pili pia. Bunge la Minnesota lilipitisha sheria ya njia hiyo 2001, miaka sita kabla daraja halijaanguka. Dharura ilipokuja, sheria ilikuwa rafuni inangoja. Hii ndiyo hoja yako bora dhidi ya wanaouliza haraka ya nini, na ni hoja inayokataa dharura itumiwe kuwa kisingizio.

Omba kidogo

Desemba 2011 jimbo la New York liliruhusu mashirika machache ya jimbo kutumia mkataba wa kusanifu na kujenga, kwa miaka mitatu tu. Mojawapo, lile la barabara kuu ya ushuru, lilitumia ruhusa hiyo kujenga daraja jipya badala ya Tappan Zee juu ya mto Hudson, kazi ya zaidi ya dola bilioni tatu. Jiji lenyewe la New York halikuwemo katika sheria ile. Lilikuja kupata ruhusa pana mwishoni mwa 2019, baada ya miaka minane ya kubisha hodi.

Watetezi wa pale walikasirika, na labda walikuwa na haki. Hata hivyo, ruhusa fupi iliyotumika vizuri ilizaa ruhusa nyingine. Hapa kwetu, anayeomba kaunti zote 47, wizara zote na mashirika yote yapewe njia mpya siku moja anaomba kukataliwa. Taja mashirika mawili au matatu yenye wahandisi wa kutosha. Taja kiwango cha chini cha thamani ya mradi, ili njia hii isitumike kujenga choo cha shule. Taja mwaka ambao ruhusa itaisha isipohuishwa na Bunge. Wanachama wako watanung'unika. Waache wanung'unike.

Mtafute mkandarasi mdogo kabla hajatafutwa na mpinzani wako

Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi huwasajili wakandarasi katika madaraja manane, NCA1 hadi NCA8. Mkataba mmoja mkubwa unaobeba usanifu na ujenzi unawafaa walio juu. Walio chini wanajua hivyo, na mbunge wa eneo lao anawajua kwa majina, kwa sababu ndio wanaochangia harambee na kuajiri vijana wa pale sokoni. Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kazi kumi zikifungwa pamoja kuwa moja, asilimia hiyo inapatikana wapi?

Jibu la "watapata kandarasi ndogo" halitoshi, kwa sababu mdogo aliyefanya kazi chini ya mkubwa anajua alivyolipwa. Andika ndani ya mswada sehemu ya kazi itakayotolewa kwa madaraja ya chini, siku ambazo mkandarasi mkuu lazima awe amelipa tangu apokee malipo yake, na adhabu asipolipa. Halafu nenda uwaulize wao wenyewe kama inatosha. Waje nawe mbele ya kamati, na wazungumze kwa midomo yao.

Wahandisi wa serikali usiwafanye maadui

Kule California chama cha wahandisi walioajiriwa na serikali kilipambana kwa miaka na kila jaribio la kukabidhi usanifu kwa kampuni binafsi, Bungeni na mahakamani. Sheria ya 2013 iliyoipa idara ya uchukuzi ya jimbo hilo ruhusa ya kusanifu na kujenga kwa pamoja ilipita ikiwa imewahifadhia wahandisi hao kazi ya ukaguzi. Unaweza kuyaita hayo ubinafsi. Mimi nayaona kuwa bei halali, na tena yana faida: mradi unapata jicho la serikali lenye sababu ya kukaa macho. Afisa wa idara ya barabara anayeogopa kwamba mswada wako utamfanya awe mpiga mihuri hatakupinga hadharani. Atachelewesha faili.

Usiupitishe mswada kwa mlango wa pembeni

Utashauriwa na watu wajanja kwamba kifungu chako kiingizwe kimyakimya katika Mswada wa Fedha, au katika ule wa marekebisho madogo madogo ya sheria mbalimbali. Kataa. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya Sheria ya Fedha ya mwaka huo vilivyoigusa Sheria ya Barabara, kwa sababu havikuwa mambo ya fedha. Soma uamuzi huo mara mbili.

Usiiruke Seneti pia. Ununuzi unazigusa kaunti, na Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilizibatilisha sheria 23 zilizopitishwa na Bunge la Kitaifa bila kuishirikisha Seneti. Rufaa zilifuata, miaka ikapita. Mradi wako unaweza kuimudu miaka hiyo? Wahimize maspika wawili waafikiane kwa maandishi mapema kama mswada unahusu kaunti au la.

Na usimtazame mwananchi kama kizuizi. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na Mahakama ya Juu ilieleza 2019, katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya BAT, kwamba ushiriki huo lazima uwe wa kweli. Tangazo la siku nne lenye lugha ya wanasheria halitoshi. Toa muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kama huwezi kumweleza fundi wa Gikomba mswada wako unafanya nini, huenda hata wewe hujaelewa.

Anayedhani usiri humwokolea muda aukumbuke uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Pendekezo la kampuni ya Adani, la kuukarabati na kuuendesha kwa miaka 30, lilijulikana kwa umma kupitia nyaraka zilizovuja katikati ya 2024. Septemba wafanyakazi wakagoma. Tarehe 21 Novemba Rais akalifuta mbele ya Bunge, akapigiwa makofi na wabunge wa pande zote. Pendekezo hilo lilikuwa limepita katika njia inayoruhusiwa na sheria ya ubia ya 2021, lakini halikuwa limepita machoni pa watu.

Memoranda iwe fupi

Jedwali moja lenye safu tatu: kifungu, pendekezo, sababu. Lipelekwe kwa Karani wa Bunge kabla ya siku iliyotangazwa, isiwe siku yenyewe. Usiambatishe picha ya mwenyekiti wenu. Usitume ripoti ya kurasa 140 ukitarajia isomwe. Anayesema mbele ya kamati awe mtu mmoja anayejua hesabu, akiwa na mmoja wa kumsaidia. Wale wengine kumi na wawili waliovaa tai za chama wabaki ofisini.

Ukiulizwa usilolijua, sema utaleta jibu kwa maandishi, kisha lilete. Maneno yako yanaingia kwenye Hansadi, na mpinzani wako anasoma.

Usimlipie mtu chochote

Hakuna semina ya kamati pale Diani mnayoigharimia. Hakuna "nauli". Hakuna bahasha kwa msaidizi wa mbunge eti amesaidia kupanga mkutano. Sheria ya Hongo ya 2016 inamgusa anayetoa sawasawa na anayepokea, inazitaka kampuni binafsi ziwe na taratibu za kuzuia hongo, na inampa mwenye madaraka saa 24 kuripoti anapojua au kushuku. Mwanachama akisema "hivi ndivyo mambo yanavyofanyika", mwondoe kwenye ujumbe siku hiyohiyo na uandike sababu kwenye kumbukumbu za kikao.

Weka bayana pia nani anakulipa. Kama utafiti wenu umefadhiliwa na kampuni inayonyemelea mradi wa kwanza, ukurasa wa kwanza useme hivyo. Hilo litagunduliwa vyovyote vile.

Usirudi nyumbani Rais akishatia saini

Sheria ya Ununuzi ilianza kutumika Januari 2016. Kanuni zake mpya zilikuja 2020. Kwa zaidi ya miaka minne maafisa wa ununuzi waliendesha sheria mpya kwa kanuni za sheria iliyofutwa, na afisa mwenye busara, akiwa hana kanuni, hutumia njia aliyoizoea: michoro kwanza, bei ya chini baadaye. Ukipata kifungu chako ukaenda kusherehekea, hujapata kitu.

Siku ya kutiwa saini uwe na rasimu ya kanuni na rasimu ya hati ya zabuni, tayari kuwakabidhi Hazina ya Kitaifa na Mamlaka ya Kudhibiti Ununuzi wa Umma. Wapendekezee wabunge, mswada ungali kwenye kamati, kwamba kanuni zitolewe ndani ya miezi sita. Kanuni zikishachapishwa, fuatilia ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao, kama Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inavyotaka, la sivyo zitakuwa batili na mshindani wa kwanza aliyeshindwa ataligundua hilo. Ana siku 14 za kulalamika kwenye bodi ya mapitio ya zabuni, na bodi ina siku 21 za kuamua. Andaa mafunzo ya maafisa wa mashirika yale mawili au matatu mliyoyataja, na miongoni mwa walimu wawemo wakaguzi kutoka ofisi ya Mkaguzi Mkuu, maana wao ndio watakaofungua faili la mradi wa kwanza miaka mitatu baadaye na kuuliza kwa nini mwenye bei ya chini alikosa kazi.